Hela ni Yangu, Chumvi Nitakula Mimi: Kwa Nini Serikali Inichagulie?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama lishe hapa Mwanga, Kigoma mjini. Huu ni mwaka wa tisa nauza ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka wa mawese. Kuna jambo linanikera na naomba unijibu bila kunificha. Chumvi niliyoizoea ni ile ya mawe, ya kupimiwa kwa kopo kutoka kwenye gunia. Mwezi uliopita mwenye duka ninakochukulia akaniambia haiuzi tena, amekatazwa, ninunue ya pakiti yenye madini joto. Ya pakiti siipendi. Ladha yake si ile, na mchuzi unanizidia chumvi. Mifuko ya rambo walishaiondoa, na mwaka 2024 wakafunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, nikabaki na maharage tu na wateja wakakimbia. Mimi ni mtu mzima, hela ni yangu, chumvi nitakula mimi. Kwa nini serikali inichagulie hata cha kutia chunguni? Na mimi kama mnunuzi nina haki gani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitakujibu kama ulivyoomba.

Kukereka kwako nakuelewa. Unaamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko, bei za soko zima unazijua kichwani, halafu unafika dukani unaambiwa kitu ulichokinunua miaka tisa hakiuzwi tena, basi, nenda. Hakuna aliyekueleza sababu. Nimefanya kazi ya lishe katika mkoa huu tangu nikiwa kijana, na nakiri kwamba sisi watu wa afya tumezoea kufika mahali na neno "marufuku" tukalitanguliza, neno "kwa sababu" tukalisahau njiani. Wewe umelipata la kwanza bila la pili, na hasira yako imeanzia hapo.

Ila kuna maneno matatu katika barua yako ambayo sitayaacha yapite: "chumvi nitakula mimi". Dada yangu, wewe ni mama lishe. Dereva wa bodaboda anayekaa kwenye benchi lako saa saba mchana hakuchagua chumvi. Fundi cherehani aliyechukua ugali wa kubeba hakuchagua, wala binti wa saluni anayekuja kila siku na hajajua bado kwamba ana mimba ya wiki tano. Ukipima chumvi, unawapimia wote hao. Wewe umelalamika kwamba serikali inakuchagulia, na wewe kila asubuhi unawachagulia watu ambao hawajui hata gunia lilitoka wapi. Sikulaumu kwa hilo, maana ndivyo biashara ya chakula ilivyo. Naomba tu ulishike, kwa sababu jibu langu lote linazunguka hapo: ukinunua kitu, gharama yake anailipa nani?

Kwanza tuweke sawa kilichokatazwa, kwa sababu nadhani mwenye duka amekueleza nusu. Chumvi ya mawe haikukatazwa kwa kuwa ni ya mawe. Tangu miaka ya 1990 kanuni za nchi yetu zinataka chumvi inayouzwa kwa ajili ya kula iwe na madini joto, yaani iodini. Punje zake ziwe kubwa au laini kama unga, hilo ni lako. Chumvi ya mawe inaweza kutiwa madini joto, na ipo inayotiwa. Tatizo ni gunia lenyewe. Gunia lililofumuliwa mdomo, likasimama nje ya duka jua na mvua, huwa "linatoa jasho" chini. Umeshaona ile alama ya maji inayobaki sakafuni. Madini joto hushuka pamoja na jasho hilo. Kwa hiyo hata kama chumvi ilitoka kiwandani ikiwa safi, ukija kuipima kwa kopo baada ya miezi kadhaa, huenda unanunua chumvi tupu. Pakiti iliyofungwa vizuri huyahifadhi.

Sasa sababu yenyewe. Shingoni, chini ya koo, tuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Inatengeneza homoni zinazoendesha joto la mwili, nguvu, ukuaji, na kwa mtoto aliye tumboni, ujenzi wa ubongo. Malighafi ya homoni hizo ni madini joto, na mwili hauwezi kuyatengeneza, lazima uyale. Tezi ikikosa malighafi hujitanua ili inase hata kidogo kinachopita, na shingo inavimba. Huo ndio ugonjwa wa rovu, au goita. Uvimbe unaonekana, ndiyo maana watu wanaujua. Madhara makubwa zaidi hayaonekani: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kiziwi, mtoto mzito wa kushika masomo, na katika hali mbaya kabisa mtoto anayedumaa mwili na akili maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linautaja upungufu wa madini joto kuwa sababu inayoongoza duniani ya kuharibika kwa ubongo ambayo ingeweza kuzuiwa.

Kwenye miezi mitatu ya kwanza ya mimba, mtoto bado hajawa na tezi inayofanya kazi. Anategemea homoni za mama peke yake. Na miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo wanawake wengi hawajaenda kliniki, wengine hawajajua kama wamepata mimba. Huwezi kusema tusubiri aje kliniki tumpe kidonge, maana akifika, sehemu kubwa ya kazi imeshapita. Inabidi madini joto yawe yamemtangulia, yawe kwenye kitu anachokula kila siku bila kukiwaza. Chumvi ndiyo pekee inayoingia katika kila chungu, cha tajiri na cha maskini, kwa kiasi kinachofanana.

Utaniambia, sisi Kigoma tuna ziwa, tunakula samaki. Hoja hii nimeisikia Ujiji, nimeisikia Kibirizi, na ni ya maana kwa sababu wengi wamesikia kwamba samaki wana madini joto. Ni kweli, samaki wa baharini. Dagaa na migebuka wetu ni wa maji baridi, na hao wanayo machache sana. Madini joto ya dunia kwa sehemu kubwa yako baharini. Kwenye ardhi ya ndani na ya milimani, mvua za karne nyingi zimeyaosha zikayapeleka mtoni. Udongo ukikosa, mhogo unakosa, maharage yanakosa, mbuzi anakosa, nawe unakosa.

Na muhogo una lake jingine. Ule mchungu una sumu ya asili ambayo tunaipunguza kwa kuvundika, kumenya na kuanika vizuri. Kinachobaki kikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kemikali inayoizuia tezi isinase madini joto. Kwa mtu anayekula madini joto ya kutosha, hili halina shida kubwa. Kwa mtu anayekula ugali wa muhogo asubuhi na jioni, na chumvi yake ni tupu, anapungukiwa huku na anazibiwa kule. Mkoa wetu unakula muhogo kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Wewe mwenyewe ndiwo unaouza. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kanuni ya chumvi ni mambo ya wazungu wa Dar es Salaam, natamani nimkalishe hapa Mwanga nimwonyeshe sahani.

Na chumvi ya Uvinza je, si ni ya kwetu, ya asili? Ya kwetu ni kweli. Watu wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi ya Uvinza, pale mto Ruchugi unapokaribia kuingia mto Malagarasi, kwa zaidi ya miaka 1,000. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu na mabaki ya majiko yao. Kabla ya reli, kabla ya Wajerumani, chumvi hiyo ilikuwa ikibebwa kichwani kwenda Unyamwezi na ng'ambo ya ziwa, na watemi wa Uvinza walitoza ushuru juu yake. Ni fahari yetu na nitaitetea popote. Lakini kuwa ya asili hakuifanyi iwe na madini joto. Hata chumvi inayoanikwa pwani, pembeni kabisa ya bahari, haina ya kutosha. Chumvi zote hizo hutiwa madini joto kiwandani, na ndipo zinapofaa.

Sasa nikupeleke mahali. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifika kijiji kimoja cha milimani upande wa Kasulu. Tulikaribishwa kwa bibi mmoja, na ilikuwa mchana wa jua kali, lakini bibi alikuwa amejifunga kanga shingoni kama mtu mwenye baridi. Tukaletewa maji. Bibi alipotaka kunywa aliifungua ile kanga, akaiweka magotini, na shingoni kwake palikuwa na uvimbe ukubwa wa chungwa. Alikunywa kidogo kidogo, akisubiri kila funda lipite. Pembeni, kijana wake wa mwisho, mwanamume wa miaka kama 30, alikuwa anapukuchua maharage. Hakugeuka tuliposalimia. Bibi akasema, "Huyo hasikii, hakuwahi kusikia. Nilimbeba shingo ikiwa imeshavimba." Akaifunga tena kanga yake. Nilikuwa na karatasi ya maswali mkononi, swali la kwanza likiwa ni aina gani ya chumvi inayotumika katika kaya hii. Sikuweza kuliuliza mara moja.

Bibi yule hakuchagua rovu. Alinunua chumvi iliyokuwepo, kwa bei aliyoweza. Na kijana wake hakuwepo sokoni siku ile chumvi iliponunuliwa.

Watu wengi wa umri wako na chini yake hawajawahi kuona shingo kama ile, na hii ndiyo inayofanya kanuni ionekane ya bure. Makadirio ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba karibu robo ya Watanzania walikuwa na uvimbe wa tezi ya shingo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004, uliopima watoto wa shule, ulikuta umeshuka hadi karibu watoto 7 kati ya 100. Katikati ya hapo kulikuwa na vidonge vya mafuta yenye madini joto vilivyogawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha mashine za kutia madini joto kwenye chumvi, kisha hiyo kanuni unayoilalamikia. Gharama ya kumlinda mtu mmoja kwa njia hii ni senti chache za dola kwa mwaka. Katika kazi yangu yote sijaona kinga rahisi kama hii.

Bado lakini hujajibiwa kwa nini iwe lazima. Kwa nini zisiuzwe zote mbili, kila mtu achukue yake? Swali hili ni halali. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan kule Marekani likafuata mwaka 1924. Na huko kote hadi leo mnunuzi anaweza kuchukua pakiti isiyo nayo. Hawakulazimisha mnunuzi, na goita ikapungua sana. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba lazima ndiyo njia pekee duniani.

Mimi naitetea lazima yetu kwa sababu ya namna tunavyonunua. Kwao pakiti zote mbili zinakaa kwenye rafu moja, bei karibu sawa, zimeandikwa. Huku kwetu, chumvi tupu ikiruhusiwa kuuzwa kwa ajili ya kula, itakuwa ndiyo ya bei ya chini, itakuwa ndiyo ya gunia, na itakwenda moja kwa moja vijijini ambako muhogo ndio chakula na kliniki iko mbali. Wenye uwezo watanunua yenye madini joto kwa sababu wamesoma kwenye simu. Watakaochagua ile nyingine, wengi wao hawatakuwa wamechagua. Watakuwa wamechukua iliyopo, kama bibi yule. Kwa macho, ulimi au pua huwezi kujua ipi ina madini joto. Afisa afya anaweza, kwa kichupa: anadondosha tone moja, chumvi ikiwa na madini joto inageuka rangi ya zambarau pale pale, ikiwa tupu inabaki nyeupe. Mnunuzi hana kichupa hicho. Ukiwa huwezi kujua unachonunua, huwezi kusema umekichagua.

Dagaa na migebuka ni habari nyingine, ingawa swali la nani analipa ni lile lile. Ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Dagaa wa Tanganyika huishi mwaka mmoja hivi. Ukimkokota kabla hajataga, hakuna wa kumrithi. Mgebuka naye chakula chake kikubwa ni dagaa, kwa hiyo ukimaliza dagaa umemvua na mgebuka bila kumgusa. Juu ya hapo, maji ya juu ya ziwa yamepata joto kuliko zamani. Upepo wa kusi ndio unaokoroga ziwa na kupandisha rutuba kutoka chini, na maji ya juu yakizidi joto, mkorogo huo unakuwa mgumu. Chakula cha samaki kinapungua, huku vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa usiku, na taa zake vimeongezeka. Mwenye kipe wa Kibirizi akivua wachanga, anayekosa ni mwenziwe wa Kalemie upande wa Kongo, na pia yeye mwenyewe mwakani, na wewe na sufuria yako mwaka unaofuata.

Kulifunga ziwa nakubaliana nako. Lakini hapa nasimama upande wako pia. Wavuvi walizungumzwa sana. Mama lishe, mwanikaji wa dagaa na mchuuzi wa beseni hawakuzungumzwa kiasi hicho, na hao wengi ni wanawake wasio na akiba ya miezi mitatu. Kanuni inayolinda samaki wa wote haifai kulipiwa na walio chini peke yao. Ukiona mkutano wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi katika mwalo wako, nenda, hata kama huna mtumbwi. Sema unataka tarehe zitangazwe mapema, upate muda wa kununua dagaa wakavu na kuwahifadhi. Hilo ni ombi dogo na linawezekana.

Mifuko ya rambo nitaipitia haraka. Ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar walitangulia miaka mingi. Anayekutwa anaitumia anaweza kutozwa faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Wewe unakaa karibu na mifereji ya Mwanga, unakumbuka mvua za masika zilivyokuwa zikiiziba. Mfuko ulikuwa wa bure kwa mnunuzi, na aliyelipa ni yule ambaye maji yaliingia chumbani kwake bondeni. Kwa chakula cha kubeba, mwambie mteja aje na bakuli lenye mfuniko. Kwa ugali na mchuzi ni bora kuliko rambo hata kiafya, maana mchuzi wa moto haufai kumiminwa kwenye nailoni.

Umeuliza haki zako. Tarehe 15 Machi 1962 rais wa Marekani, John F. Kennedy, alilitajia bunge lake haki nne za mnunuzi: haki ya usalama, ya kupewa taarifa, ya kuchagua, na ya kusikilizwa. Tarehe hiyo ndiyo dunia inayoiadhimisha mpaka leo kama siku ya haki za mlaji, na Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wake mwaka 1985. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu za kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Tazama kwamba kuchagua ipo, umeisema vizuri. Lakini imekaa katikati ya wenzake. Katika suala la chumvi, serikali imeibana haki ya kuchagua kwa ajili ya haki ya usalama, na mimi naona imefanya sawa. Haki ya taarifa ndiyo uliyonyimwa. Hiyo idai bila aibu.

Idai namna hii. Akija mtu sokoni akakwambia kitu fulani ni marufuku, mwombe kwa adabu kitambulisho chake, mwulize ni kanuni ipi na inasema nini, na mwulize mbadala wake ni upi na unapatikana wapi. Akikutoza faini, usimpe fedha mkononi. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipia benki au kwa simu, na unapata stakabadhi. Akichukua bidhaa yako, mwombe aandike alichochukua na kiasi chake, na asaini. Nakwambia hivi kwa sababu nimeshaona mama mmoja, si hapa Mwanga, akinyang'anywa nusu gunia la chumvi ambayo baadaye ilionekana ilikuwa na madini joto ya kutosha. Tone moja lingetosha, na hakuna aliyedondosha. Chumvi haikurudi. Kanuni nzuri ikitekelezwa hivyo inajijengea maadui, na siku nyingine watu wanaificha chumvi tupu chini ya meza kwa hasira tu.

Unaweza pia kuigeuza kanuni ikufanyie kazi. Ukishuku pakiti unayouziwa, chukua kijiko cha chumvi hiyo kwenye karatasi safi, mpelekee afisa afya wa kata, mwombe aipime mbele yako. Hiyo ni kazi yake. Pakiti ikiwa imeandikwa ina madini joto na haina, umeibiwa wewe, na malalamiko hayo yaende kwa halmashauri na Shirika la Viwango. Sioni wanunuzi wakilifanya hili. Wenye viwanda wangekuwa waangalifu zaidi kama mama lishe kumi wa Mwanga wangepeleka vijiko vyao mwezi mmoja.

Nimalizie na chungu chako, maana mchuzi kuzidi chumvi ni hasara ya kweli. Madini joto yenyewe hayana ladha kwa kiasi kinachotiwa. Ni miligramu 30 hivi katika kilo nzima ya chumvi. Ladha unayoikosa ni ya madini mengine yanayobaki kwenye chumvi ya mawe isiyosafishwa, hasa magnesi, yenye uchungu kidogo ambao ulimi umeuzoea. Na mchuzi unazidi kwa sababu ya kijiko. Punje kubwa huacha nafasi katikati yake, punje laini hujaa. Kijiko kile kile ulichokuwa unajaza chumvi ya mawe, ukikijaza ya pakiti, umetia nyingi zaidi. Anza na robo tatu ya kipimo chako cha zamani, onja, uongeze. Mtu mzima inatakiwa asizidishe gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na katika gramu hizo tano anapata mikrogramu 150 za madini joto, ambazo ndizo hasa anazozihitaji. Mjamzito anahitaji kama 250, kwa hiyo akija yule binti wa saluni mwambie aende kliniki mapema. Usimwongezee chumvi.

Itie chumvi mwishoni, mchuzi ukikaribia kuiva, kwa sababu moto wa muda mrefu hupunguza madini joto. Migebuka ya mawese inakubali hivyo vizuri. Maharage pia. Pakiti ukiifungua, ihamishie kwenye kopo lenye mfuniko, uliweke mbali na jiko na mvuke. Na kijiko chake kiwe kikavu. Nimeona meza nyingi ambapo kijiko cha chumvi ndicho kinachokorogea mchuzi kisha kinarudi koponi kikiwa na maji. Baada ya wiki mbili chumvi imekuwa tope na madini joto yamekwenda.

Kama moyo wako bado uko kwenye ya mawe, mwulize mwenye duka akutafutie chumvi ya mawe iliyotiwa madini joto, iliyofungwa na kuandikwa. Mwambie ni mimi niliyesema haikatazwi. Akibisha, nenda naye kwa afisa afya wa kata mkiwa wawili, na kijiko chenu cha chumvi kwenye karatasi.